Mabuti Yatima

Saa mbili na nusu asubuhi foleni ya duka la mitumba la Mkono kwa Mkono ilikuwa imeshakunja kona, na watu walikuwa wameshaanza kutukanana. Mama mmoja mwenye mtoto mgongoni alikuwa ameweka tofali limshikie nafasi tangu alfajiri, akaenda kunywa chai. Aliporudi alikuta tofali limesukumwa mtaroni na kijana amesimama pale pale lilipokuwa.

"Hapo ni pangu," alisema.

"Tofali halinunui nguo, mama."

Watu wakacheka. Yule mama akapitisha macho kwenye foleni yote kutafuta wa kumtetea, hakumwona, akaenda mwisho. Filbert alijifanya anaangalia raba zake. Alikuwa mtu wa nane, na Hilda, msimamizi wa duka, alikuwa akiingiza watu kumi kumi. Angefungua mdomo angetolewa na yeye, na siku hiyo hakuwa na nafasi ya kugawa wema.

Alikuwa ameshuka kutoka Uru kwa miguu, giza halijatoka kwenye migomba, fedha zimefungwa kwenye leso na leso imesokomezwa ndani ya soksi. Zilikuwa fedha za kuku. Mke wake, Mektrida, aliuza jogoo na mitetea yote jana yake, banda likabaki na manyoya. Wanasema kuku wa maskini hatagi. Wa Mektrida walikuwa wanataga vizuri tu, ndiyo maana kuwauza kulimuuma, na usiku ule hakusema na mumewe neno zaidi ya "chakula kiko mezani".

Filbert ni mpagazi. Anabeba hema, jiko, viti na hata choo cha watalii, anavipandisha Mlima Kilimanjaro na kuvishusha. Wenyewe wanajiita wagumu. Safari iliyopita alikaguliwa getini, ikaonekana soli ya kiatu chake imefungwa kwa waya, akarudishwa nyumbani mbele ya wenzake. Sasa kulikuwa na safari ya kesho, ya mwisho kabla mvua hazijafukuza watalii, na safari ile ilikuwa godoro la Evelyn. Evelyn, binti yao, anaanza kidato cha kwanza shule ya bweni, na shule haipokei mtoto bila godoro na sanduku. Fedha ya kuku haikufika kwenye godoro. Ilifika kwenye mabuti, na mabuti ndiyo yangelileta godoro. Hesabu yenyewe ndiyo hiyo, haina ujanja mwingine.

Aliyemwambia habari za mabuti ni Kornel. Kornel ni gaidi, ndivyo wagumu wanavyomwita kiongozi wa watalii, na kuna siku jina linamkaa vizuri. Jumatatu alimwambia, "Nafasi moja imebaki. Nenda kwa Hilda, kuna mabuti ya kahawia rafu ya dirishani, nimeyaona kwa macho yangu. Jumatano saa nane mchana uwe yadi umeyavaa, unaingia."

Siku ile ile Filbert akaenda, akayaona, akayapima, yakamkaa kana kwamba mzungu aliyeyavua alikuwa ndugu yake. Fedha hakuwa nayo. Basi akafanya wanachofanya wote wanaowinda vya bei nafuu pale ndani: akaficha moja. Ukificha yote mawili, Hilda anaona pengo kwenye rafu na kuanza kutafuta. Ukificha moja, rafu inaonekana imejaa, na hakuna mwehu wa kununua kiatu kimoja. Alichukua la kulia, akalisukuma nyuma ya vitabu vya Kijerumani ambavyo tangu duka lifunguliwe havijapata msomaji.

Mlango ukafunguliwa. Hilda alisimama kizingitini na funguo kifuani, mama wa makamo mwenye sauti ya mwalimu wa zamu.

"Mikoba nje. Mkono mmoja, nguo moja. Anayechana, ananunua. Anayeficha, sina haja ya kurudia."

"Shikamoo dada Hilda," Filbert alisema akipita, ingawa walipishana miaka michache tu. Shikamoo ya shida haiulizi umri.

"Marahaba. Usinisukume."

Ndani palinuka dawa ya nondo na jasho. Ukutani, juu ya kaunta, kulikuwa na picha kubwa ya mpagazi mwenye mzigo kichwani, vidole vya miguu vikichungulia kwenye raba. Chini yake pameandikwa: KIATU CHAKO CHA ZAMANI NI HATUA YAKE MPYA. Wazungu wa watu huko kwao wanaiona picha hiyo, roho inawauma, wanavua viatu wanatuma. Viatu vikifika Moshi vinapangwa rafuni na kuwekwa bei, eti bei ya hisani, na wa kwanza kuvifikia ni wachuuzi wa Soko la Memorial. Siku hiyo alikuwepo Lucky, kijana mwenye kofia ya pamba na simu mbili, ambaye hapangi foleni. Filbert alimkuta tayari yuko ndani, ameegemea kaunta anakunywa soda.

Filbert hakukimbia. Alitembea taratibu mpaka kwenye vitabu, akajifanya anasoma migongo yake, akapenyeza mkono. Buti la kulia lilikuwepo. Akalitoa, akaliingiza chini ya sweta, na moyo ukatulia kidogo. Kisha akaenda kwenye rafu ya dirishani kuchukua mwenzake.

Hakulikuta. Alitazama chini ya rafu, nyuma ya rafu, kwenye kapu la kandambili, kwenye rundo la raba za watoto. Watu walimkanyaga mikono. Aliinuka, akajipenyeza kati ya watu.

"Dada Hilda," alisema kaunta, "ukiwa na buti moja, na la pili halionekani—"

"Hatuuzi yatima." Hilda hakuinua uso. Yatima, pale dukani, ni kiatu kisicho na mwenzake. Kulikuwa na gunia zima la mayatima nyuma ya kaunta. "Umelitoa wapi hilo moja?"

"Nauliza tu."

"Basi nami najibu tu."

Lucky akamtazama Filbert, akatazama sweta lilivyovimba, akarudi kwenye soda yake.

Filbert alijua kilichotokea. Mtu amefanya vile vile alivyofanya yeye. Akaanza kuangalia watu badala ya viatu. Wote walikuwa wanainama, wanavuta, wanapekua, wanaoneshana meno. Mmoja tu hakuwa anatafuta kitu. Msichana wa miaka ishirini na kitu, ushungi wa bluu, amekalia kapu la mablanketi mlangoni mwa stoo na kukunja mikono. Naye alikuwa anaangalia watu. Macho yao yakakutana, yakakaa.

Filbert akamfuata. "Sista, simama kidogo."

"Nimechoka."

"Umekalia buti langu."

"Lako lina jina?" Akamtazama tumboni. "Na hiyo mimba yako ya upande ni ya nani?"

Filbert akashusha sauti. "Mimi nimekuwa wa kwanza. Nimeficha Jumatatu asubuhi."

"Najua. Mimi nimekuja jioni, nikalikuta limebaki peke yake. Nikasema hapa kuna mjanja. Basi na mimi nikalichukua hilo hilo moja, tuone huo ujanja wake utamfikisha wapi."

"Haya ni mabuti ya mwanamume."

"Nina soksi mbili mbili. Mlima wenyewe unauliza mwanamume?"

Ndipo Filbert alipoelewa kwamba msichana huyu naye ni mgumu. "Nani amekuambia yako hapa?"

"Kaka Kornel."

"Akakuambia nini?"

"Nafasi moja imebaki. Saa nane yadi." Alipoona uso wa Filbert, na wake ukabadilika. "Usiniambie."

Akatoa simu, akampigia Kornel, akaweka sauti wasikie wote wawili. Kelele za mizani na turubai zilisikika, kisha Kornel. "Sema, Shani."

"Kaka, nafasi ile umeniahidi mimi au umemwahidi na mtu mwingine?"

"Nimesema anayekuja na mabuti anaingia. Kwani kuna tatizo?"

"Tuko wawili, kaka Kornel," Filbert alisema. "Ni Filbert hapa. Na mabuti ni jozi moja."

"Sasa aje mmoja."

"Nani?"

"Mimi siyo baba yenu," Kornel alisema, akakata.

Hapo ndipo mtu angetegemea hasira iende inakostahili, kwa Kornel. Haikwenda. Kornel alikuwa mbali na alikuwa na nafasi ya kutoa. Hasira ilibaki hapo hapo kwenye kapu la mablanketi, ikamshukia aliye karibu.

"Wewe una shamba," Shani alisema. "Una migomba, una kahawa, njaa hailali kwako. Mimi nimepanga chumba Pasua. Mwenye nyumba amekuja juzi na fundi, ameng'oa mlango, kaondoka nao. Nalala na pazia. Unajua mwanamke kulala na pazia?"

"Kahawa ina ugonjwa na migomba hailipi ada. Nina mtoto anaanza shule."

"Mtoto wako ana baba. Mimi nina pazia."

"Watu wa mjini kwa maneno."

"Na nyie akina mangi wa mlimani kwa kujaza mifuko. Sasa mnajaza mpaka sweta."

Kwa dakika kadhaa walirushiana hivyo, kwa sauti ya chini na midomo iliyobana, kwa kuwa Hilda alikuwa akiinua shingo. Kisha Shani akasema kwa sauti nyingine kabisa.

"Sikiliza. Tununue wote. Nusu wewe, nusu mimi. Safari hii naenda mimi, ijayo unaenda wewe. Kila mtu anabakiwa na fedha mkononi."

Lilikuwa wazo zuri. Filbert alijua ni zuri, na hilo ndilo lililomtia hofu. "Ukienda nayo nitakupata wapi?"

"Pasua. Ulizia Shani mgumu, kila mtu ananijua."

"Kwenye chumba kisicho na mlango." Alijuta neno hilo kabla halijaisha kinywani, lakini lilishatoka. "Niende mimi kwanza. Mimi ni mtu mzima, nina familia, siwezi kukimbia na viatu."

"Hao wenye familia ndio wamenila sana," Shani alisema. "Hapana."

"Basi na mimi hapana."

Wakakaa. Shani juu ya kapu lake, Filbert amesimama mbele yake na buti chini ya sweta kama mwizi wa ndizi. Kumi wa kwanza wakatoka, wakaingia kumi wengine, kisha wengine. Yule mama wa tofali aliingia karibu saa sita, akakuta kilichobaki ni tai na mikanda. Saa ya ukutani ilikuwa inaelekea saa saba, saa ya duka kufungwa. Kila mmoja alikuwa anasubiri mwenzake akate tamaa, na kukata tamaa ni kitu ambacho wagumu wamekatazwa tangu siku ya kwanza ya kazi.

Lucky alimaliza soda. Akamwinamia Hilda sikioni, akasema maneno machache, akaenda kusimama mlangoni anachezea simu.

"Ukaguzi," Hilda alitangaza. "Kila mtu asimame alipo. Wewe, binti, toka kwenye kapu langu."

Shani hakutoka haraka, na hiyo ilitosha. Hilda alizamisha mkono chini ya mablanketi, akaibuka na buti la kushoto. Kisha akageuka, akavuta sweta la Filbert kwa vidole viwili kana kwamba anashika kitu kinachonuka. Buti la kulia likaanguka sakafuni.

Akayaokota yote, akayaweka kaunta. Ilikuwa mara ya kwanza tangu Jumatatu yakae pamoja. Mabuti mazuri, ngozi nene, soli haijaliwa, kamba nyekundu. Filbert na Shani waliinama kwa wakati mmoja, yeye kwenye soksi, Shani kifuani, wote wakatoa fedha.

"Nalipa," Filbert alisema. "Elfu thelathini, ndiyo bei iliyoandikwa. Hii hapa."

"Na yangu hii hapa," Shani alisema.

"Hayauzwi."

"Dada Hilda, si haya hapa. Jozi imekamilika."

"Kilichofichwa ni yatima. Ndiyo sheria ya duka. Yameokotwa moja moja, kila moja mahali pake, yanaingia guniani moja moja." Hilda hakuwa na hasira hata kidogo. Alikuwa anaeleza, kwa subira, kama mtu anayewaeleza wageni kwamba daraja limefungwa. "Sikuitunga mimi."

"Lakini unayaona," Filbert alisema. "Hili na hili. Rangi moja, namba moja, kamba moja. Yatima vipi wakati ndugu yake amelala ubavuni?"

"Mngeyaacha rafuni yangekuwa jozi."

Filbert alinyoosha kidole ukutani. "Yule pale ni mpagazi. Hivi vitu vimetumwa kwa ajili yake. Mimi ni mpagazi, dada. Huyu naye ni mpagazi. Umetuona maisha yako yote tunapita hapa na mizigo."

Hilda aligeuka kutazama picha kama vile alikuwa ameisahau. "Yule ni picha," alisema. "Yule hafichi viatu."

Akayatupa mabuti guniani, moja, kisha la pili. Lucky akarudi kutoka mlangoni. Alilinyanyua gunia kwa mkono mmoja, akalikadiria uzito, akamwekea Hilda noti kadhaa ambazo hazikuhesabiwa wala kuandikwa popote, akatoka nalo. Mayatima yote ya wiki, kwa kilo. Kumbe ndivyo inavyokwenda. Maskini wanafichiana viatu, wanagombana mpaka wanachoka, na mwenye gunia anapita mwisho kuvuna. Wanasema fahali wawili wakipigana ziumiazo ni nyasi. Hapo zilikuwa zimepigana nyasi zenyewe, na fahali alikuwa ameshiba bila kutoa jasho.

Walimkuta nje, hajafika mbali. Alikuwa amechuchumaa kivulini, ameshayafunga mabuti kwa kamba zake nyekundu, anayapiga vumbi na kitambaa.

"Mnayataka?" aliuliza bila kejeli. "Sitini."

"Yalikuwa thelathini sasa hivi," Shani alisema.

"Ndani. Huku ni nje. Nikifika Memorial ni themanini, na yanaondoka leo leo. Nawafanyia ubinadamu."

Filbert alikuwa na thelathini. Shani alikuwa na thelathini. Hawakuhitaji mtu wa kuwajumlishia. Asubuhi ile ile wangeweza kutoa kumi na tano kila mmoja, kila mtu akabaki na chenji mfukoni, na sasa bei ya kutoaminiana ilikuwa ndiyo hiyo, imekaa kwenye goti la Lucky inapigwa vumbi.

"Tuunganishe," Shani alisema, anatazama pembeni.

"Na nani anaenda?"

"Kornel atachagua. Tukifika wote, achague mwenyewe."

Filbert aliamini atachaguliwa yeye, kwa ajili ya miaka yake mlimani. Shani aliamini atachaguliwa yeye, kwa kuwa kampuni hupenda mwanamke mmoja aonekane kwenye picha. Kwa hiyo wote wakakubali, na kwa hiyo wote wakakosea. Fedha zikaingia mfukoni mwa Lucky.

Nauli hawakuwa nayo. Yadi ya kampuni iko njia ya Shirimatunda, na jua lilikuwa la utosini. Hakuna aliyekubali mwenzake abebe mabuti, basi kila mmoja akashika lake, na kamba zilikuwa bado zimefungana, hivyo wakatembea bega kwa bega mji mzima kama ng'ombe wa jembe. Wenye bodaboda waliwapigia miluzi. Mmoja aliuliza harusi ni lini. Filbert alivuta hatua, Shani akavutwa, akamtukana, akavuta yeye.

Walifika saa nane haijapita. Mizigo ilikuwa inapimwa, mitungi ya gesi, mahema, viti vya kukunja. Kornel alisimama kwenye mizani na filimbi shingoni. Aliwaona, akayaona mabuti, akacheka.

"Nyie watu mna moyo. Lakini nimeshajaza."

"Bado saa nane," Filbert alisema.

"Nimejaza tangu saa nne. Jacob pale." Alionesha kwa kidevu. Kijana mgeni alikuwa anafunga turubai, kucha safi za mtu asiyewahi kubeba mzigo, hajui hata pa kuweka goti. Miguuni alikuwa na raba za kuchezea mpira, kidole gumba kimetoboa. "Mtoto wa dada yangu, kaja jana kutoka Bomang'ombe."

"Hana mabuti," Shani alisema.

"Atapata njiani. Ya kampuni yapo."

"Ya kampuni yapo?" Filbert aliuliza. "Wakati ule unatuambia kwenye simu aje mmoja, ulikuwa umeshajaza?"

"Filbert, usinianzie. Mtu anayetaka kazi na mimi haniulizi saa." Akapuliza filimbi, mzigo mwingine ukapandishwa mizani.

Filbert alitaka kusema jambo. Maneno aliyokuwa nayo yote yalikuwa ya kumfukuzisha kazi mpaka msimu ujao, na msimu ujao alikuwa anauhitaji. Akayameza. Ni uchungu mkubwa mtu mzima kumeza maneno mbele ya kijana wa watu, na Shani alimwona akiyameza.

Nje ya geti la yadi walisimama. Fedha imekwisha, safari imekwisha, mabuti yapo.

"Nipe nikae nayo," Filbert alisema. "Ikitokea safari nakupigia."

"Uru ni mbali. Nipe mimi."

"Sikuamini."

"Hata mimi sikuamini."

Shani akachuchumaa, akafungua fundo la kamba kwa meno. Akachukua la kushoto, akampa la kulia. Wakapeana namba za simu bila kutazamana. Filbert hakutaka kuandika jina la Shani, akaandika Kushoto. Alimwona Shani naye akiandika, akajua bila kuuliza ameandika nini.

Alipanda Uru na buti moja limening'inia begani. Wazee kwenye kilabu cha mbege walimuuliza kama mguu mwingine ameuacha Moshi. Alisalimia tu, akapita. Nyumbani Mektrida alikuwa jikoni anakoroga mtori. Alitazama begani kwa mumewe, akatazama nyuma yake, akatazama tena begani.

"La pili liko wapi, Baba Evelyn?"

"Pasua."

"Umeuza wapi akili zako? Kuku wangu wote, umeniletea yatima?"

"Si yatima. Mwenzake yupo, anakaa na mtu."

Akamweleza yote, hakuficha hata neno lile la chumba kisicho na mlango. Mektrida alikoroga mpaka mtori ukaanza kushika chini. Evelyn alikuwa mlangoni na ndoo ya maji, amesikia, akapita kwenda kuimwaga pipani bila kuuliza godoro.

Jua lilikuwa linazama simu ilipoita. Kornel, na sauti yake sasa ilikuwa na asali. "Filbert, kaka yangu. Mgumu wangu mmoja kaangukiwa na mtungi mguuni. Nafasi ipo. Saa kumi na moja alfajiri uwe getini, lakini na mabuti, na asubuhi hiyo wanakagua kweli kweli."

"Na yale ya kampuni?"

"Amevaa Jacob. Wewe si umeshanunua?"

Mektrida aliacha kukoroga. Filbert alitazama buti kwenye kigoda. Angesema ndiyo. Angeshuka Pasua sasa hivi, angempigia magoti yule msichana, au angemdanganya, angesema anataka kulipima tu. Alipitisha yote hayo kichwani, na kila alipofika mwisho alimkuta Kornel amesimama kwenye mizani anacheka.

"Nina moja tu," alisema. "La pili analo Shani. Ukitaka hayo mabuti, tunakuja wawili."

"Nafasi ni moja, bwana."

"Na buti ni moja."

"Basi nampigia yeye," Kornel alisema. "Yeye ana shida, atakuwa na akili." Akakata.

Mektrida alipakua mtori, akamwekea mumewe, hakumlaumu wala hakumsifu. "Atamwambia ndiyo," alisema. "Kisha atakupigia kukubembeleza. Utafanyaje?"

"Sijui."

Hakujua kweli. Mtori ulipoa mbele yake. Alimfikiria Shani nyuma ya pazia lake, simu sikioni, na sauti ya Kornel yenye asali. Alimfikiria akikubali, na hakuweza kumchukia. Angekuwa yeye analala bila mlango, angekubali.

Simu iliita tena. Kushoto.

"Amekupigia?" Shani aliuliza, hakusalimia.

"Amenipigia."

"Na mimi."

"Umemwambiaje?"

Nyuma yake, huko Pasua, kulisikika watu wanapita uani, karibu sana, kama wako chumbani. "Nimemwambia nina moja tu," Shani alisema.

Salio la Shani likaisha hapo hapo. Filbert aliinuka, akalisogeza buti mbali na jiko, ngozi isije ikakauka.